Rangi anazoziona mdudu huanzia kwenye pigmenti za jicho lake

Kwenye mito ya West Nile nchini Uganda, na katika nyika za Nguruman nchini Kenya, utakuta vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwenye fito vichakani. Ni vya kunasia au kuulia mbung'o. Na anayekwenda Serengeti au Tarangire huambiwa asivae buluu wala nyeusi kama hataki kuumwa siku nzima. Kwa nini buluu, na si kijani au njano?

Jibu limo ndani ya jicho la mbung'o, kwenye pigmenti, yaani molekuli zinazomeza mwanga, na katika jinsi neva zake zinavyolinganisha kazi ya molekuli hizo. Hili la pili husahauliwa sana. Watu husoma kwamba nyuki "ana pigmenti ya urujuanimno", ule mwanga wa mawimbi mafupi ambao jicho la mtu haliuoni, wakadhani wameelewa anachokiona. Pigmenti moja, hata iwe nyeti namna gani, haimpi mdudu rangi yoyote. Rangi huzaliwa pale pigmenti mbili au zaidi zinapomeza mwanga uleule kwa viwango tofauti, na ubongo ukapima ile tofauti.

Vipande viwili vya pigmenti

Kila pigmenti ya kuonea ina sehemu mbili. Ya kwanza ni opsini, protini ndefu inayopenya utando wa seli mara saba. Ya pili ni molekuli ndogo iliyobanwa katikati ya protini hiyo, ambayo ndiyo hasa humeza mwanga. Kwa nyuki, kama kwetu sisi, molekuli hiyo ni retinali, jamaa wa vitamini A. Nzi na vipepeo hutumia retinali yenye kundi la ziada la haidroksili, jambo lililogunduliwa na Klaus Vogt mwaka 1983.

Mdudu hawezi kutengeneza retinali kutoka patupu. Huipata kwa kukata karotenoidi zilizomo kwenye chakula, zile zile zinazoipa karoti na mahindi ya njano rangi yake. Ndiyo maana nzi wadogo wa matunda, drosofila, wakilelewa maabara kwa chakula kisicho na karotenoidi, wepesi wa macho yao kuhisi mwanga hushuka sana. Jeni za opsini ni nzima, ila opsini isiyo na retinali haikomai vizuri na nyingi haifiki kwenye utando inakotakiwa kufanya kazi. Anayefuga nzi kwa ajili ya vipimo vya macho inambidi ajue chakula chao kimetengenezwa kwa nini, la sivyo atalaumu jeni kwa kosa la lishe.

Retinali ikiwa peke yake humeza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 380, ukingoni mwa urujuanimno. Ikishabanwa ndani ya opsini, kilele chake kinaweza kuhama hadi nanomita 340 upande mmoja, au karibu 600 upande wa pili. Molekuli ni ileile. Kinachobadilika ni majirani zake. Retinali hushikamana na asidi amino moja, laisini, iliyoko kwenye mpindo wa saba wa opsini, yaani pale inapopenya utando mara ya saba. Kiungo hicho kikibeba protoni, kinakuwa na chaji chanya na kilele kinasogea kuelekea buluu, kijani na kuendelea. Kikipoteza protoni, kilele kinarudi kwenye urujuanimno. Asidi amino zilizozunguka, zenye chaji au zisizo na chaji, husukuma au kuvuta elektroni za retinali na kukisogeza kilele hatua kwa hatua.

Mabadiliko madogo huleta mrukio mkubwa. Mwaka 2003 watafiti wa drosofila walionyesha kwamba nafasi moja tu kwenye mpindo wa pili wa opsini inatosha kuamua kama pigmenti itakuwa ya urujuanimno au la. Opsini za urujuanimno zina laisini katika nafasi hiyo, na chaji chanya yake huifukuza protoni kwenye kiungo cha retinali. Walipoiondoa laisini na kuweka asparajini au asidi ya glutamiki, pigmenti iliacha urujuanimno na kuanza kumeza mwanga unaoonekana na binadamu. Asidi amino moja kati ya zaidi ya mia tatu!

Kwa asili, opsini za macho ya wadudu zimegawanyika katika koo tatu: za urujuanimno, zenye kilele karibu na nanomita 350, za buluu, karibu na 440, na za mawimbi marefu, ambazo nyingi ziko karibu na 530. Nyuki wa asali ana zote tatu, na vilele vyake ni takriban nanomita 344, 436 na 544. Sisi binadamu pia tuna aina tatu za seli za rangi, lakini zetu ziko karibu na 420, 530 na 560, na lenzi ya jicho letu huzuia urujuanimno usifike ndani. Nyuki na mtu wakitazama ua moja wanagawana kijani na buluu. Urujuanimno ni wa nyuki, wekundu ni wetu.

Fotoni inapofika

Pigmenti hukaa kwenye vijidole vidogo sana vya utando vilivyopangwa upande mmoja wa seli pokezi, ile seli ya jicho inayopokea mwanga. Seli moja ya drosofila ina vijidole takriban 30,000, kila kimoja kikibeba kama molekuli 1,000 za pigmenti. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikimezwa, retinali iliyokuwa imejikunja hunyooka. Opsini inalazimika kubadili umbo, na umbo hilo jipya, metarodopsini, huamsha protini ya G. Hiyo nayo huamsha kimeng'enya cha fosfolipesi C, na mwisho wake milango ya ioni iitwayo TRP hufunguka, kalsiamu na sodiamu zikaingia, na seli ikachajika. Seli zetu za macho hufanya kinyume: mwanga ukiingia, milango hufungwa.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Kwetu, retinali iliyonyooka huachana na opsini na kupelekwa kwenye tishu jirani ili irekebishwe, kazi inayochukua dakika nyingi. Kwa wadudu, metarodopsini haivunjiki. Hukaa imara, na ikimeza fotoni ya pili, retinali inajikunja tena na pigmenti inarudi ilivyokuwa. Mwanga wenyewe unafuta kazi ya mwanga.

Hapa ndipo unapoelewa kwa nini macho ya nzi wengi ni mekundu. Pigmenti kuu ya drosofila, Rh1, humeza zaidi karibu na nanomita 480, ambayo ni buluu. Metarodopsini yake humeza zaidi karibu na 570, kuelekea rangi ya machungwa. Kati ya vijicho vidogo vinavyounda jicho la nzi kuna rangi nyekundu ya kuzuia mwanga usivuje. Nyekundu hiyo huzuia buluu vizuri, ila huuachia mwanga wa machungwa na nyekundu upite pembeni na kusambaa jicho zima. Kwa hiyo, mchana kutwa, jicho linaogeshwa na mwanga unaozirudisha pigmenti kazini bila kuharibu picha.

Ukitaka kuona mfumo huu ukikwama, mchukue nzi aliyezaliwa na macho meupe, asiye na ile rangi nyekundu, kisha mmulike kwa buluu kali. Sehemu kubwa ya Rh1 hugeuka metarodopsini kwa mpigo. Protini inayotakiwa kuizima, arestini, ni chache kuliko metarodopsini iliyopo, na inakwisha. Taa inazimwa, lakini seli zinaendelea kutoa ishara ya "kuna mwanga". Mmulike kwa machungwa, zinanyamaza. Anayepima macho ya nzi bila kulijua hili atapata usomaji wa pili tofauti kabisa na wa kwanza na kudhani kifaa ni kibovu. Dawa ni kuweka taa ya machungwa kati ya kipimo na kipimo, pamoja na giza la muda uleule kila mara.

Kwa nini pigmenti moja haitoshi

Seli pokezi ikishameza fotoni, haina njia ya kukumbuka fotoni hiyo ilikuwa ya rangi gani. Kilichobaki ni hesabu: ngapi zimemezwa. Tuseme pigmenti ya kijani ya nyuki humeza fotoni 100 kati ya kila 1,000 za nanomita 544 zinazopita, na 25 tu kati ya kila 1,000 za nanomita 436. Mwanga wa kijani wenye fotoni 1,000 utaamsha seli sawasawa na mwanga wa buluu wenye fotoni 4,000. Kwa seli hiyo, buluu kali na kijani hafifu ni kitu kimoja.

Weka sasa seli ya pili yenye kilele 436. Kwenye kijani itaitikia kidogo, kwenye buluu itaitikia sana, na mwanga ukiongezwa ukali, seli zote mbili hupanda pamoja huku uwiano wao ukibaki uleule. Uwiano huo ndio rangi. Neva zilizoko nyuma ya jicho huutafuta kwa kutoa: ishara ya kijani toa ya buluu, buluu toa urujuanimno, na kadhalika. Mdudu mwenye aina tatu za seli zinazoingia kwenye hesabu hii ana uwezo wa rangi wa pande tatu. Asiyekuwa na hesabu hiyo hana rangi, hata akiwa na pigmenti kumi.

Ndiyo sababu kuhesabu jeni za opsini si sawa na kuhesabu rangi. Kerengende wana jeni nyingi mno, kati ya 15 na 33 kutegemea spishi, lakini nyingine hutumika kwa lava, watoto wao waishio majini, nyingine kwa jicho la juu linalotazama anga, nyingine kwa la chini. Kipepeo *Graphium sarpedon* ana aina 15 za seli pokezi. Jamaa yake *Papilio xuthus* wa Japani, wa ukoo mmoja na kipepeo wa michungwa wa kwetu *Papilio demodocus*, ana aina angalau sita. Alipojaribiwa kwa mafunzo ya rangi ilionekana kwamba nne tu ndizo zinazoingia kwenye hesabu ya rangi: urujuanimno, buluu, kijani na nyekundu. Seli nyingine zina kazi nyingine, kama kufuata mwendo.

Upande wa pili kuna waliopoteza. Mbawakavu walipoteza ukoo mzima wa opsini ya buluu zamani sana. Baadhi yao wamejaza pengo kwa njia nyingine: jeni ya urujuanimno au ya mawimbi marefu ilinakiliwa mara mbili, na nakala moja ikabadilika asidi amino hadi kilele chake kikasogea kuelekea buluu.

Mpangilio ndani ya jicho

Jicho la mdudu limeundwa na vijicho vingi vidogo viitwavyo omatidia. Drosofila ana karibu 750 hadi 800 kila upande. Nyuki mfanyakazi ana zaidi ya 5,000. Kila omatidia ya drosofila ina seli pokezi nane. Sita za nje hubeba Rh1 na hushughulikia mwangaza na mwendo. Mbili za katikati, R7 iliyo juu na R8 iliyo chini yake, ndizo hasa za rangi, na hupangwa kwa namna mbili. Kwenye takriban asilimia 30 ya omatidia, R7 ina pigmenti ya nanomita 345 na R8 ina ya 437. Kwenye asilimia 70 zilizobaki, R7 ina ya 375 na R8 ina ya karibu 508. Uamuzi wa omatidia ipi iwe ya namna gani hufanywa kwa bahati nasibu: jeni iitwayo spineless huwaka au haiwaki ndani ya R7, na R7 ikishachagua hutuma agizo kwa R8 iliyo chini yake ili zilingane. Hakuna macho mawili ya drosofila yenye ramani moja.

Nyuki naye ana mchanganyiko. Kila omatidia ina seli sita za kijani; mbili nyingine zinaweza kuwa moja ya urujuanimno na moja ya buluu, au zote urujuanimno, au zote buluu. Kijani ni nyingi kwa sababu ndiyo inayotumika kuongoza kuruka na kugundua vitu vidogo. Kwa kufuata mwendo, nyuki hana rangi kabisa. Hutumia kijani peke yake.

Hili lina matokeo ambayo mkulima au mfugaji nyuki anaweza kuyapima kwa rula. Nyuki huitambua rangi pale tu kitu kinapojaza nyuzi 15 hivi za upeo wake wa macho. Kwa ua la upana wa sentimita 2, hiyo ni umbali wa sentimita 7 hadi 8. Kati ya hapo na takriban sentimita 23 analiona ua kwa utofauti wake wa kijani na majani ya nyuma, bila rangi. Mbali zaidi, ua moja moja halipo. Maua yaliyofungamana kwenye kichala au yaliyopandwa kwa mafungu humfikia nyuki kutoka mbali kwa sababu hii, si kwa sababu rangi imekolea.

Vichujio vinavyobadilisha pigmenti bila kuigusa

Kilele cha opsini si neno la mwisho. Kipepeo mweupe wa kabichi, *Pieris rapae*, ana opsini ya mawimbi marefu yenye kilele karibu na 563. Kuzunguka nguzo ya seli pokezi ameweka chembe za rangi nyekundu, na mwanga unaosafiri kwenye nguzo hiyo hunyang'anywa kijani na njano njiani. Kinachofika chini ni chekundu. Kwa opsini hiyohiyo moja, anapata seli zenye vilele vya 620 na 640. Nyuki hana kichujio cha namna hii, na ndiyo maana wekundu unampita.

Nzi wana ufundi wa kinyume. Seli zao sita za nje zina molekuli ya pembeni inayomeza urujuanimno kisha kuikabidhi nishati hiyo kwa pigmenti ya buluu. Kwa hiyo Rh1, ambayo kwa opsini yake ni ya buluu, ina kilele cha pili kwenye urujuanimno. Ukisoma jeni peke yake hukioni.

Ua ambalo sisi hatulioni

Alizeti kwetu ni njano mwanzo hadi mwisho. Ncha za petali zake huakisi urujuanimno, na sehemu ya karibu na kitovu huumeza, kwa hiyo nyuki huona duara jeusi zaidi lililozungukwa na pete yenye mchanganyiko wa njano na urujuanimno. Maua mengi meupe nayo humeza urujuanimno; kwa nyuki hayo ni ya buluu-kijani, yenye rangi kabisa. Maua mekundu ya mti kama *Erythrina abyssinica* yanategemea zaidi ndege chozi, ambao wanaona nyekundu vizuri.

Uwezo huu wa nyuki uliwahi kupingwa vikali. Mtaalamu wa macho Carl von Hess alisisitiza kwamba nyuki hawaoni rangi. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alimjibu mwaka 1914 kwa jaribio ambalo hadi leo ni zuri, na linaweza kurudiwa na shule yoyote yenye kadi, sukari na subira.

Yeyusha gramu 500 za sukari kwenye lita 1 ya maji. Panga kadi 16 za sentimita 10 kwa 10 kama ubao wa dama: moja ya buluu, 15 za kijivu kuanzia karibu nyeupe hadi karibu nyeusi. Juu ya kila kadi weka kisahani kidogo cha kioo. Sukari iwe kwenye kisahani cha buluu tu, maji matupu kwenye vingine. Kila baada ya dakika kama 10 badilisha mahali pa kadi ya buluu, vinginevyo nyuki watajifunza mahali na si rangi. Baada ya saa mbili au tatu ondoa visahani vyote, weka vipya, visafi na vikavu, funika kadi kwa karatasi safi ya plastiki angavu ili harufu iliyoachwa na nyuki isiwaongoze, kisha hesabu wanaotua kila mahali kwa dakika 5. Nyuki asiyeona rangi angechanganya buluu na kijivu kimojawapo chenye mwangaza uleule. Hawachanganyi. Rudia kwa kadi nyekundu, na watatua pia kwenye nyeusi na kijivu cheusi.

Nyuki wa kwetu ni wakali. Meza ya jaribio iwe angalau mita 100 kutoka kwenye mizinga, mbali na mifugo na njia ya watu, na asiwepo mwenye mzio wa kuumwa.

Jaribio hili huharibika kwa sababu moja kuliko nyingine zote: karatasi nyeupe. Karatasi ya ofisi ina kemikali ya kung'arisha, inayomeza urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu. Kwetu ni nyeupe zaidi. Kwa nyuki ina rangi yake, na kadi ya kijivu iliyochapwa juu yake ina rangi pia. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za namna hiyohiyo, jambo la kukumbuka kwa anayefua vitambaa vya mitego.

Kurudi kwenye kitambaa cha mbung'o

Mbung'o ni nzi, na jicho lake limepangwa kwa utaratibu wa nzi: seli sita za nje, R7 na R8 za namna mbili. Majaribio ya porini ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba kitambaa huvuta mbung'o zaidi kadiri kinavyoakisi buluu, karibu na nanomita 460, na huvuta pungufu kadiri kinavyoakisi urujuanimno au kijani na njano. Hii ni hesabu ya kutoa, ileile iliyoelezwa juu. Kitambaa cheupe kinaakisi buluu nyingi pia, ila kinaongeza na hayo mengine, na hesabu inafutika. Majani yanaakisi kijani, hivyo kitambaa cha kijani kinapotea ndani ya kichaka. Nyeusi kazi yake ni nyingine: humfanya mbung'o aliyevutwa atue. Ndiyo maana vitambaa vidogo vinavyotumika kwa mbung'o wa mitoni vina kipande cha buluu cha sentimita 25 kwa 25 na kando yake wavu mweusi wa ukubwa huohuo uliotiwa deltamethrini, dawa ya kuua wadudu. Anavutwa na buluu, anagonga au kutua kwenye wavu, anakufa.

Tatizo hutokea pale mnunuzi anapochagua buluu kwa macho yake. Vitambaa viwili vinavyofanana dukani vinaweza kutofautiana sana chini ya nanomita 400, na mbung'o huona tofauti hiyo. Pamba iliyotiwa rangi ya fthalojeni ilifanya kazi nzuri kwa miaka mingi. Viwanda vilipohamia poliesta, rangi za poliesta hazikuakisi vilevile. Njia ya uhakika ni kupima kitambaa kwa spektromita, kifaa kinachopima mwanga wa kila urefu wa wimbi, inayoanzia nanomita 300, kisha kukikokotoa kwa jicho la mbung'o. Kila nanomita 10 kutoka 300 hadi 700, ambayo ni namba 41, zidisha vitu vitatu: mwanga wa jua uliopo, sehemu ya mwanga inayoakisiwa na kitambaa, na unyeti wa seli husika. Jumlisha. Fanya hivyo kwa kila aina ya seli, kisha gawa kila jumla kwa jumla iliyopatikana kwa majani ya mahali hapo, kwa kuwa jicho hujirekebisha kwa mazingira yake. Unabaki na namba moja kwa kila seli, na hizo ndizo za kulinganisha. Kwa hesabu za namna hii, Roger Santer na wenzake walibuni poliesta ya zambarau iliyovuta mbung'o jike wa *Glossina pallidipes* kuliko ya buluu ya kawaida, na walichapisha matokeo hayo mwaka 2019.

Makosa ya kupima yanajulikana. Spektromita inayoanzia 400 haina maana hapa, wala kipimo cha mwangaza cha laksi, wala picha ya simu, kwa sababu vyote vimetengenezwa kwa jicho la mtu. Kitambaa chepesi kikipimwa juu ya meza nyeupe, mwanga hupenya, hugonga meza na kurudi, na usomaji unapanda bila sababu. Weka kitu cheusi nyuma yake. Kipime kikiwa kikavu. Na kipime tena baada ya miezi kadhaa juani, maana rangi inayopauka inabadilika kwanza mahali ambapo hatuoni.

Wakulima wa vitalu wanatumia hesabu hiyohiyo kwa wadudu wengine. Nzi weupe na vidukari hufuata kijani toa buluu, na njano inawapa jibu kubwa kuliko jani lenyewe, ndiyo sababu karatasi za gundi za kuwanasia ni njano. Vithiripi wa maua, *Frankliniella occidentalis*, huvutwa na buluu, na karatasi zao ni buluu. Karatasi itundikwe usawa wa ncha za mimea na ipandishwe mimea inapokua, ibadilishwe inapojaa vumbi. Vumbi la udongo mwekundu hula buluu haraka.

Plastiki ya kufunikia kitalu nayo inahusika. Ile inayozuia urujuanimno hupunguza nzi weupe na vithiripi wanaoingia, kwa kuwa mwanga wa ndani unakosa kile kinachowavuta. Lakini plastiki haichagui mdudu. Nyuki wanaochavusha ndani ya kitalu hicho wanabaki na seli za urujuanimno zisizo na kazi, na pete ya urujuanimno kwenye ua, kama ile ya alizeti, haiwezi kuonekana mahali ambapo mwanga huo haupo. Mwenye mazao yanayotegemea nyuki na aliyeweka plastiki hiyo aangalie idadi ya maua yanayotembelewa katika siku za kwanza, na awe tayari kuacha upande mmoja wa kitalu na plastiki ya kawaida.